Kibuyu cha Bustani ya Warumi

Baba mpendwa,

Juzi nilipita kwenye ile bustani yako ya mjini. Sikuwa na safari ya huko. Nilikuwa natoka kununua uzi, miguu ikanipeleka yenyewe. Ule upinde wa mbao uliokuwa ukiukagua kila asubuhi haupo tena. Rozimari imeng'olewa, na mizeituni sijui ilikwenda wapi. Mkomamanga mmoja tu ndio umebaki karibu na ukuta, umepinda mgongo, na chini yake kijana alikuwa amelala na kofia usoni. Nilizunguka hapo nikiangalia chini mpaka akaamka.

"Mathe, umepoteza nini?"

Nikamwambia natafuta mahali palipokuwa na kibuyu. Akaniangalia vizuri, akaona sina hatari, akarudisha kofia usoni.

Nimerudi nyumbani na maswali mengi, na wa kuyauliza ni wewe, ambaye umelala Subukia miaka yote hii. Wewe mwenyewe ulikuwa mtu wa kuuliza. Uliniita maitu, mama yangu, kwa sababu nilirithi jina la mama yako, na kila ukiniona nimenyamaza ulikuwa unasema, "Maitu, uliza tu, hakuna anayekulipisha." Basi leo nauliza, na pale ninapojua jibu nitakuandikia, uone kama nimekumbuka vizuri.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya hamsini. Hali ya hatari waliyoitangaza wakoloni ilikuwa imelegea kidogo, Mkikuyu angeweza kutembea Nakuru bila kusimamishwa kila kona, ingawa kipande, kile kitambulisho chetu, ulikibeba mfukoni hata ukienda chooni. Tulikaa Bondeni, kwenye nyumba ya kanjo, baraza la mji, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mimi nilikuwa nikishona nguo kwenye veranda ya duka la Muhindi. Mama aliuza viazi na kabichi sokoni. Wewe ulitunza bustani ya mji, na ulikuwa unarudi jioni na udongo kwenye kucha ambao Mama alikuwa anaulalamikia kila siku, nawe kila siku ulikuwa unashangaa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona.

Halafu akaja Bibi Mkasi. Jina lake la Kizungu lilitushinda, na kwa vile hakuachana na mkasi wake wa kukatia matawi hata akienda posta, tukamwita hivyo. Alikuwa mjane, ameuza shamba la mumewe, amehamia mjini, na kichwani alikuwa na wazo moja tu. Alitaka sehemu ya bustani ipandwe mimea ambayo Warumi wa kale waliijua, na kando ya kila mmea kuwe na shairi lililotungwa na mtu wa Nakuru, liandikwe kwenye kigae cha udongo na kuchomwa kwenye tanuri. Kanjo ikamkubalia, nadhani ili awaache wapumue.

Ulitusimulia mazungumzo yenu ya siku ya kwanza huku ukimwigiza, mikono kiunoni.

"Hii yote iko mimea ya Roma. Zamani sana. Mimi nataka kila moja kuwa na shairi yake."

"Shairi ni ya nini, memsabu? Mmea si unamea tu?"

"Mtu napita, naona maua, nasahau. Kama nasoma, hapana sahau."

Jibu hilo lilikuingia. Tangu siku hiyo ukawa unamfuata Bibi Mkasi kwenye matuta ukimuuliza juu ya hao Warumi. Walilima na nini? Walifuga mbuzi? Mvua yao ilikuja lini? Walikuwa wanatahiri? Hilo la mwisho alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakwambia hapana, na wewe ukaja kutuambia kwa masikitiko ya kweli, kama mtu aliyeletewa habari mbaya za jirani.

Mama hakufurahishwa nao hata kidogo. "Hao ndio waliomtundika Bwana msalabani," alisema akimenya viazi. "Sasa mnawapandia bustani."

"Mama Nyambura, mimi napanda tu. Kesi yao wataijibu wenyewe."

Mama alikuwa mtu wa kanisa, na si wa kanisa la kukaa nyuma. Ndiye aliyekufanya uache gichandi. Wajukuu zangu hawajui hata neno hilo lina maana gani, kwa hivyo niliandike hapa nao wasome: gichandi ni kibuyu kilichochorwa alama, na kila alama ni fumbo la ubeti mmoja wa wimbo mrefu. Huimbwa na wawili. Mmoja anatikisa kibuyu, mbegu zinalia ndani, anaimba fumbo. Mwenzake analifumbua na kumrudishia jingine. Anayeshindwa kujibu anampa mwenzake kibuyu chake. Mmoja peke yake hawezi kukiimba, kama vile mtu hawezi kujisalimia.

Mlipobatizwa, Mama alisema nyumbani kwake hakitaingia kibuyu cha namna hiyo, na wewe ukakubali. Ulimpa rafiki yako Kamande akuwekee, yule mliyekuwa mkiimba naye kule Njoro kabla sijazaliwa. Kisha hali ya hatari ikaja, Kamande akapandishwa lori la kwenda kizuizini pamoja na wengine, na kibuyu kikapotea naye. Hatukupata habari yake tena. Waimbaji wengine uliowajua walirudishwa rizavu, kwenye maeneo tuliyotengewa, au wakafa. Uliniambia siku moja tukitoka kanisani, na sijasahau ulivyolisema polepole: "Mimi nina nusu, maitu. Nusu nyingine sijui kama iko na mtu yeyote duniani."

Hilo ndilo lililokuwa linakula roho yako. Mimi nililijua kwa sababu ulikuwa unaimba bila kujua. Ukilima, ukivua viatu, ukinywa uji, ulikuwa unavumisha ubeti chini chini, halafu unanyamaza kwa muda wa ubeti mzima, halafu unaendelea. Jirani mmoja aliniuliza kama una shida ya kupumua. Ulikuwa unamwachia Kamande nafasi yake.

Sasa hebu tuje kwenye ile mbegu.

Bibi Mkasi aliagiza mbegu zake ng'ambo, zikaja kwenye mikebe yenye majina marefu. Moja aliitaka ipande juu ya upinde wa mbao pale karibu na ua wa kayaba, kwa kuwa, alisema, Warumi waliipandisha hivyo, na matunda yake waliyafanya vyombo vya maji na mvinyo, na watoto wao wakayafunga kifuani wakijifunza kuogelea. Wewe ukapanda, ukanyunyizia, ukangoja. Majani yalipotoka ukachuma moja, ukalisugua, ukanusa. Nilikuwa nimekuletea chakula cha mchana. Ulinipa jani, nami nikanusa ile harufu nzito inayoganda vidoleni.

"Kibuyu," nikasema.

"Kibuyu," ukasema, ukaanza kucheka. "Maitu, hao watu walikuwa na kibuyu."

Ulikaa chini kwenye nyasi za kanjo ukicheka peke yako, kisha ukainua macho kwenye upinde, na nikajua umeanza kuwaza. Nilitaka kujua unawaza nini, lakini nilikuacha. Mchana ule ule ulimwendea Bibi Mkasi ukamuuliza kama Warumi waliimba kwa vibuyu. Akasema hajui. Ukamuuliza nani amepewa kutunga shairi la mmea huu. Akasema bado hakuna. Ukamwambia shairi la kibuyu haliandikwi kwenye kigae, linaandikwa kwenye kibuyu chenyewe kikiwa bado kibichi, kidonda kinapona, alama inakua pamoja na tunda. Nasikia alikupa mkono kama mwanamume.

Lakini ulimwonya, na hili nataka likumbukwe. Ulimwambia, "Memsabu, kibuyu cha alama kikitundikwa mbele ya watu, kinaita. Mtu akijibu mpaka nishindwe, ni chake."

"Lakini hapa hapana ruhusa kuchuma kitu."

"Mimi nakwambia desturi. Sheria ni yako."

"Basi tutaona," akasema Bibi Mkasi.

Ulichora alama ya kwanza kwa msumari kwenye kibuyu kikubwa kuliko vyote. Nilikuwepo. Mistari miwili midogo na doa katikati. Ukaniimbia fumbo lake kwa sauti ya chini: nimekutana na mtu aliyetembea usiku kucha na asihame alipokuwa. Nikakuuliza jibu. Ukasema jibu si la wewe kuniambia mimi, ni la wewe kuambiwa. Ukafuta msumari kwenye suruali ukaendelea na kazi, nami nikarudi kwenye cherehani yangu nikiogopa. Niliogopa kwamba utaangalia kile kibuyu kila asubuhi mpaka kikauke, na hakuna atakayekijibu, na hapo utakuwa umejua kwa hakika kile ulichokuwa unakishuku tu.

Wiki haikuisha. Ulikuja kunitafuta dukani mbele ya wateja, kofia mkononi.

"Maitu. Kuna mtu."

Tulikimbia, Baba, wewe na magoti yako. Kando ya alama yako palikuwa na michoro miwili mipya, bado inatoa utomvu. Wa kwanza ulikuwa mawe mawili, moja juu ya jingine: jiwe la kusagia, linalotembea usiku kucha na halihami. Wa pili ulikuwa fumbo la kukurudishia. Uliligusa kwa kidole kidogo, ukaanza kuimba ubeti ambao sikuwa nimewahi kukusikia ukiuimba.

"Ni Kamande," ukasema. "Hii ni sehemu ya Kamande. Amerudi."

Nilikuuliza kwa nini basi asije nyumbani. Ukasema mtu aliyetoka kule alikotoka Kamande haji tu mlangoni, anabisha kwanza kwa mbali. Nilikuuliza kama tujifiche kwenye kayaba tumwone. Ulikataa kabisa, gichandi si mtego wa panya, ulisema. Basi mkawa mnajibizana, wewe na huyo mtu, siku baada ya siku, alama kwa alama, mpaka kibuyu kikajaa upande mmoja. Ukaanza kwenda kazini na shati lililopigwa pasi. Ukaanza kubeba ugoro wa watu wawili. Bibi Mkasi akawa anakuja asubuhi mapema kuliko wewe kuona kama kuna kilichoongezeka, na mkasi wake ukakaa mfukoni. Alikuuliza maana ya kila alama, akaandika, akauliza tena. Mlikuwa kama watoto wawili wanaochungulia kiota.

Mimi nilichunguza watu. Nilimshuku askari wa lango, nikamshuku mchoma vigae, nikamshuku mzee mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma ng'ambo ya barabara na mwenye tabia ya kuvumisha. Nikienda kumnunulia mahindi nilikuwa namtazama vidole. Nyumbani sikuangalia. Nani anaangalia nyumbani?

Ila kuna kitu nilikisikia, na sasa ndio nakuandikia. Jioni moja ulikuwa umekaa mlangoni unavumisha, na Mama anasonga ugali. Ulipofika kwenye kimya chako, mwiko nao ukasimama. Ulipoanza tena, mwiko ukaanza tena. Nilidhani anapima moto. Siku nyingine nikafua aproni yake, ikanuka ile harufu nzito ya majani, nikajiambia labda sokoni siku hizi wanauza majani ya maboga. Kumbe nilikuwa na jibu kwenye beseni la sabuni.

Siku ya kufungua bustani, kanjo iliweka viti mbele kwa Wazungu, mabenchi kwa Wahindi, na sisi tukasimama kwenye ua wa kayaba. Karani mmoja wa reli alisoma shairi lake la shamari, zuri, fupi. Mwalimu wa Kihindi akasoma la mkomamanga kwa lugha yao, na ingawa hatukuelewa neno, alipofika mwisho sauti yake ilikatika na wanawake wa Bondeni wakaguna kumpa pole. Kisha Bibi Mkasi akasema kwamba shairi la kibuyu haliwezi kusomwa, lazima liimbwe, na akakuita.

Ulivua kofia. Ulisimama chini ya upinde, ukagusa alama ya kwanza, ukaimba kwa sauti ambayo sikujua unayo. Mtu aliyetembea usiku kucha na asihame. Ukanyamaza. Na nikaona macho yako yanatembea juu ya watu polepole, yakimtafuta Kamande. Ugoro wake ulikuwa mfukoni mwako. Watu waligeuka kuangalia unachokiangalia. Kimya kikawa kirefu, Mzungu mmoja akakohoa, na mimi moyo wangu ukaanza kuuma kwa ajili yako.

Sauti ikatoka nyuma yangu. Ya mwanamke. Ilianza na mkwaruzo, ikajisafisha, ikapanda.

Niligeuka nikamwona Mama na kikapu cha kabichi kichwani na kitambaa chake cheupe cha kanisani, anaimba jiwe la kusagia.

Nitasema ukweli, kwa sababu sasa hauwezi kukuumiza. Kwa kitambo kidogo uliangalia nyuma yake, uone kama Kamande yuko pale. Niliona. Naye aliona. Hakuacha kuimba. Kisha uso wako ukamrudia yeye, ukakaa hapo, na ukaimba ubeti wa pili huku machozi yanashuka waziwazi mbele ya kanjo yote.

Alikuja mbele akiimba, watu wakampisha. Aliweka kikapu chini kwenye nyasi za Warumi. Mlijibizana kwa ule upande wote wa kibuyu, na kwenye alama ya mwisho, ile aliyoichora yeye asubuhi hiyo chini karibu na kitako, alikuimbia fumbo na wewe ukafungua mdomo ukaufunga. Ukamtazama. Ukaanza kucheka ukijifuta macho kwa kofia, ukainua mikono yote miwili.

"Nimeshindwa," ukasema. "Ni chake."

Askari wa lango akasogea. "Mama, hiyo ni mali ya kanjo."

Watu wote wakamwangalia Bibi Mkasi. Alikuwa amesimama na karatasi mkononi, uso mwekundu. Nadhani ndiye aliyekuwa na la kupoteza hapo, maana wakubwa wa kanjo walikuwa kwenye viti na kile kibuyu ndicho walichokuja kuonyeshwa. Akakuuliza, "Kama yeye nachukua, hapa nabaki nini?"

"Kitabaki kikonyo, memsabu. Mtu akiuliza, mwambie kilijibiwa."

Akautoa mkasi mfukoni, akakikata mwenyewe, akampa Mama kwa mikono miwili jinsi ulivyokuwa umemfundisha.

Tulitembea kurudi Bondeni, Mama mbele, kibuyu juu ya kabichi. Tukafika kwenye bomba la maji. Hapo ukamuuliza aliijulia wapi sehemu ya Kamande.

"Mlikuwa mnaimba mlangoni kwangu Njoro kila jioni, kibuyu kati yenu, mimi nasaga," akasema. "Ulidhani jiwe linaziba masikio?"

"Na kanisa?"

Alibadilisha kikapu mkono. "Nitazungumza nao. Nilichoka kukusikia ukiimba nusu, Baba Nyambura."

Kanisani walimweka kando kwa muda, unakumbuka, na alikaa benchi la nyuma bila kulalamika. Kibuyu kilikaa juu ya kabati, kwenye nyumba aliyosema hakitaingia. Alikiwekea mbegu za maharagwe ndani, eti ili kisikae bure, lakini jioni nyingi nilikuwa nawasikia mkiimba kwa sauti ya chini, mimi nikiwa upande wa pili wa pazia, na hapakuwa na kimya tena katikati.

Kamande hakurudi. Ugoro wake uliuweka kwenye mkebe, na mkebe nilikuzika nao.

Sasa swali langu. Ile alama ya mwisho, duara dogo lenye mstari unaotoka nje, ilikuwa fumbo gani? Nilikuuliza wewe, ukacheka. Nilimuuliza Mama, akasema ni mambo ya watu wakubwa, na mimi nilikuwa tayari na watoto. Nimewaonyesha wazee wa Njoro na Subukia. Mmoja akasema ni njia ya kisimani, mwingine akasema ni mwezi. Naona wanabahatisha tu. Nimeitazama miaka yote hii na bado sijui Mama alikuuliza nini mbele ya Wazungu wale wote.

Ninachojua ni hiki. Ulipotutoka, Mama alianza kuvumisha. Akimenya viazi, akikunja nguo, alikuwa anavumisha ubeti, halafu ananyamaza kwa muda wa ubeti mzima, halafu anaendelea. Ilikuwa sehemu ya Kamande. Nafasi aliyoiacha ilikuwa yako. Nilikuwa nataka sana kuijaza, lakini sikuijua, nikawa nasimamisha mwiko tu.

Naye ametutoka sasa, tumemlaza kando yako. Sitaki kukuandikia mengi juu ya hilo. Utakuwa umemwona kabla ya barua hii. Kibuyu kiko kwangu. Nimetoa mbegu za kibuyu chenyewe, zilizobaki chini ya maharagwe, nimezipanda kwenye ua, na zimeshika waya. Kikikua cha kwanza nitakichora duara na mstari, nikitundike upande wa barabara, nione kama kuna mtu.

Na kama huko mliko hakuna wa kumkataza mtu kibuyu, anza wewe, Baba. Mama atajibu.

Ni mimi, binti yako uliyemwita mama,
Nyambura